Mguu Umekatwa, Maumivu Yamebaki

Mtu aliyekatwa mguu juu ya goti anaweza kukwambia kwamba kidole gumba cha mguu huo kinamwasha, na akili zake zikawa timamu kabisa. Anakihisi palepale kilipokuwa, na hana pa kukuna. Mwingine huhisi vidole vimejikunja hadi kucha zinachoma unyayo, mwingine umeme unapita, mwingine mguu mzima umelazwa kwenye makaa. Zaidi ya nusu ya watu waliokatwa viungo hupata maumivu ya namna hii, na karibu wote huhisi kwa kiasi fulani kwamba kiungo bado kipo. Wodini, hata hivyo, ni wachache wanaolisema jambo hili bila kuulizwa. Huogopa kuonekana wamerukwa na akili, au ndugu waanze kumtafuta mchawi.

Tatizo hili ni la kale. Ambroise Paré, mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa katika karne ya 16, aliandika habari za majeruhi waliolalamikia miguu ambayo ilikwisha kuondolewa. Karne tatu baadaye daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani alilichunguza kwa kina kwa majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake.

Kwetu Tanzania, wengi wanaolazwa kwa ajili ya kukatwa mguu hawatoki vitani. Kuna vijana wa ajali za bodaboda, na kuna wagonjwa wa kisukari, ambao hadithi yao inafanana mno. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huua neva za miguu, miguu ikafa ganzi. Mtu anakanyaga msumari au anachubuliwa na kiatu, hasikii. Kidonda kinaingia vijidudu, damu haifiki vizuri, naye anakitia majani na unga wa vidonge kwa wiki kadhaa mpaka kimekuwa donda ndugu. Huyo anayefika hospitali amechelewa kuuokoa mguu, na si hilo tu. Maumivu makali ya muda mrefu kabla ya upasuaji huongeza uwezekano wa maumivu baada yake. Kidonda kinaweza kuumiza sana hata kwenye mguu uliokuwa na ganzi, na neva zilizokwisha kuzoea kupiga kelele hazinyamazi kwa kisu.

Basi ni nini hasa kinachouma? Neva iliyokatwa hujaribu kuota tena. Ikikosa pa kwenda, ncha yake hujisokota ndani ya gutu na kuwa kiuvimbe kinachotoa ishara bila kuguswa. Uti wa mgongo nao hubadilika, ukawa mwepesi kupitisha habari za maumivu. Sehemu kubwa ya mambo, lakini, imo kichwani. Katika miaka ya 1930 Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo huko Montreal, aligusa kwa umeme ubongo wa wagonjwa walio macho, akaonyesha kwamba mwili wote una ramani yake juu ya gamba la ubongo: eneo la mguu, la mkono, la uso. Kisu cha daktari hakifiki kwenye ramani hiyo. Mguu ukiondoka, eneo lake linabaki bila habari, na majirani huanza kuliingia. Ndiyo maana mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliweza kumpapasa shavu mtu aliyekatwa mkono, naye akahisi anaguswa vidole ambavyo hana. Uso na mkono ni majirani kwenye ramani. Wako wataalamu wanaoweka uzito zaidi kwenye neva za gutu kuliko kwenye ubongo, na mjadala huo haujafungwa. Kwa mgonjwa, ubongo unaosubiri habari za mguu ni kama redio iliyopoteza stesheni: ukiongeza sauti unapata mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo yeye anaisikia kama moto.

Ramachandran huyohuyo ndiye aliyeleta kioo. Mgonjwa anakaa miguu ikiwa imenyooka, kioo kirefu kinasimamishwa katikati ya mapaja, upande wake unaoakisi ukielekea mguu mzima. Akichungulia anaona miguu miwili. Anakunja na kukunjua vidole vya mguu uliobaki, huku akijaribu kufanya vivyo hivyo kwa ule usiokuwepo. Macho yana nguvu kubwa juu ya ubongo. Yakiona mguu unatii, mkazo mara nyingi huanza kulegea. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, mjini Washington, walitoa matokeo ya jaribio la dakika 15 kila siku kwa wiki 4. Wagonjwa wote 6 waliotumia kioo walipata nafuu; kati ya 6 waliopewa kioo kilichofunikwa, nafuu ilimfikia mmoja tu. Ni jaribio dogo, na tafiti zilizofuata hazikuafikiana zote. Hata hivyo sioni kwa nini kliniki yoyote ikose kioo. Wachache huingiwa na kizunguzungu au majonzi wakijiona, hao tusiwalazimishe.

Paracetamol peke yake haitoshi kwa maumivu ya neva. Dawa zinazosaidia baadhi ya wagonjwa ni kama amitriptilini na gabapentini, na ni za kuandikiwa na daktari, si za kuulizia dukani. Kulisugua gutu kwa taulo laini baada ya kidonda kupona, na kuvaa mguu bandia mapema, nako hupunguza maumivu.

Nyumbani kuna mambo mawili yanayoharibu kazi yetu ya hospitalini. La kwanza ni usiku: mtu anaamka kwenda msalani, anahisi mguu upo, anaukanyagia, anaanguka juu ya gutu. Magongo yalazwe anapoyafikia kwa mkono. La pili ni mto. Kwa huruma, ndugu humwekea mto chini ya goti ili apumzike, na misuli ya nyuma inajikaza hapohapo. Goti lililogoma kunyooka halivai mguu bandia. Alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku, nyonga na goti vinyooke.

Kuhusu moyo, nitasema wazi: huu ni msiba. Familia nyingi huuomba mguu uliokatwa ili wauzike, na hospitali inayoukabidhi kwa heshima inamtibu mgonjwa kwa njia yake. Kinachofuata, lakini, ni kigumu kuliko msiba wa kawaida, kwa sababu hakuna matanga wala wa kukupa pole baada ya wiki ya kwanza. Baba aliyekuwa akilisha nyumba anasubiri kuletewa maji ya kuoga. Mke na mume wanalala kitanda kimoja bila kutazamana, na hakuna mtu hospitalini aliyewagusia jambo hilo. Kukosa usingizi, kususa chakula na kukataa wageni kwa wiki mfululizo ni dalili za sonona, na sonona hutibika. Tena sonona na maumivu hulishana.

Mguu bandia si mwisho wa safari. Kutembea nao kunachosha: aliyekatwa chini ya goti hutumia nguvu robo hivi zaidi ya kawaida, na aliyekatwa juu ya goti huweza kupita nusu. Hivyo goti linapookoleka, liokolewe. Wataalamu tunao, chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha utengenezaji wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Na anayedhani maisha yamekwisha amwulize yeyote aliyewatazama Tembo Warriors, timu ya soka ya Tanzania ya wachezaji waliokatwa viungo, ikifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022.

Ukiwa na ndugu aliyekatwa kiungo, muulize leo: je, mguu ule bado unauma? Akisema ndiyo, usicheke wala usimpeleke kwa mganga. Mrudishe kliniki, umsemee jambo hilo kwa daktari ikiwa yeye anaona haya.