Jioni za Ngoma na Historia: Namna Kijiji Kinavyoweza Kuhifadhi Kumbukumbu Zake

Jioni ya ngoma na historia ni mkutano wa wakazi unaofanyika baada ya kazi za mchana, ambapo wimbo huimbwa na mtu anayeufahamu akaeleza ulitoka wapi, uliimbwa lini na kwa sababu gani. Muda huo unafaa kwa kuwa wakulima wamerejea kutoka mashambani, wanafunzi wametoka shuleni, na wazee wamezoea kusimulia jua likishazama.

Kata ya Lusahunga ina sababu ya pekee ya kuandaa mikutano hiyo. Lusahunga ni njia panda: barabara moja huelekea Biharamulo na Bukoba, nyingine Nyakahura, Ngara na mpaka wa Rusumo. Wasubi, Wahangaza, Waha, Wasukuma na wengineo huishi pamoja, kila jamii na ngoma zake. Mtoto anayekua kando ya barabara hii huona magari ya nchi nyingi, lakini huenda asijue asili ya jina la kilima kilicho nyuma ya nyumba yao.

Pale wenyeji wasipohifadhi habari zao, hubaki zile zilizoandikwa na wapita njia. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita Usui, yaani Rusubi, wakielekea Karagwe. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke alimlalamikia mtawala Suwarora kwa hongo, yaani ushuru wa kupita, aliyotozwa. Msomaji wa kitabu hicho hupata malalamiko ya mgeni. Maelezo ya wenye nchi kuhusu ushuru huo hayana budi kutafutwa katika masimulizi na nyimbo.

Kwamba wimbo huweza kubeba historia, Kagera ina ushahidi. Profesa Mugyabuso Mulokozi alikusanya na kuchambua tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga, ambazo husimulia habari za watawala, mashujaa na vita. Kwa Wasukuma nako, mashindano ya Bagika na Bagalu yamerithishwa kwa vizazi kupitia ngoma.

Kijiji kinachotaka kuanza kinaweza kuwasilisha pendekezo katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha usimamizi ukakabidhiwa kamati ya huduma za jamii. Mtendaji wa kijiji ataarifiwa mapema kuhusu mahali na saa, na Afisa Utamaduni wa wilaya aombwe ushauri. Ni vyema kila jioni iwe na mada moja, kama vile nyimbo za kilimo, majina ya vijiji au nyimbo za harusi, na jamii zote zipewe zamu.

Kijana mwenye simu anaweza kurekodi. Hata hivyo, sauti pekee haitoshi. Iandikwe pia tarehe, jina la mwimbaji, mahali alipojifunza, aliyemfundisha, tukio ambalo wimbo uliimbiwa, na maana yake kwa Kiswahili. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji na nyingine shuleni, kwa maana simu hupotea.

Ridhaa ya msimulizi ni ya lazima. Zipo kumbukumbu zenye maumivu, kama zile za Aprili 1994, wakati zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walipovuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku mbili tu. Asiyetaka kuzisimulia asishurutishwe. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi. Kwa hiyo rekodi za kijiji zisiuzwe bila kibali.

Shughuli hii haihitaji jengo jipya wala vipaza sauti. Yatosha uwanja wa shule, daftari, na mzee aliye tayari kusema. Kati ya hayo matatu, uwanja na daftari vinaweza kungoja hadi mwakani. Mzee aalikwe sasa.