Ng'ombe ana homa: usikimbilie tetra bila kuangalia

Ndugu wafugaji, tukipita kwenye koperative za Butembo na Beni, ulizo moja linarudi: kwa nini ng'ombe amechomwa tetra siku tatu na bado anakufa? Ni kwa sababu kupe analeta magonjwa mengi ya damu, na tetra haiponyeshi yote.

Ile inayomaliza ndama wetu ni ndigana kali, ya kupe wa kahawia anayekaa masikioni. Homa inapanda digrii 40, 41. Tezi chini ya sikio na mbele ya bega zinavimba. Kisha mnyama anakohoa, anahema kwa shida, mapovu yanatoka puani. Ugonjwa ukishashika, tetra haitoshi. Dawa yake ni buparvakwoni, iliyotokana na utafiti wa miaka ya 1980. Kwa wengi wetu ingali mpya. Ile ya asilimia 5 inachomwa mililita 1 kwa kila kilo 20, ndani ya msuli wa shingo. Ng'ombe wa kilo 200 anapata mililita 10. Homa isiposhuka, muganga wa mifugo anaweza kurudilia baada ya saa 48 mpaka 72.

Iko ghali, tunajua. Ndiyo maana wengine wanagawanya chupa ya ndama mmoja kwa wawili. Hapo unaweza kupoteza pesa na ndama wote wawili. Tena dawa inasaidia mapema, tezi zikianza kuvimba. Mapafu yakishajaa maji, mara nyingi umechelewa.

Mkojo ukiwa mwekundu kama damu, fikiria babesia: hiyo ni diminazini ao imidokarbi. (Farasi wachache walioko nao wana babesia yao, na imidokarbi inawasaidia.) Ufizi ukiwa mweupe ao wa manjano na mavi magumu, bila mkojo mwekundu, pengine ni ndigana baridi, na hapo ndipo tetra inafanya kazi. Lakini ng'ombe mmoja anaweza kubeba mbili pamoja, basi damu ikipimwa ni vizuri zaidi.

Dawa nyingi zinaingia kupitia Kasindi na maandishi ya Kiingereza. Mwambie muuzaji akuonyeshe jina la dawa yenyewe, asilimia na tarehe ya mwisho. Koperative ikinunua kipimajoto kimoja na kamba ya kupimia uzito, wanachama wote watavitumia.

Aliyechomwa buparvakwoni, maziwa yake yasinyweke siku 2, nyama isiliwe siku 42.