Bima Kubwa ya Lori Haibebi Mzigo

Swali ni lile lile, na huletwa lori likiwa limeshalala ubavu. "Kaka, gari lina bima kubwa. Mzigo watanilipa lini?" Nimeulizwa Segera, nimeulizwa Hale, nimeulizwa Mombo huku utingo akiokota machungwa yaliyosambaa hadi mtaroni. Kazi yangu hapa Korogwe ni kukadiria hasara za magari kwa ajili ya madai ya bima, na jibu langu ni moja: mzigo hawakulipi. Hukuukatia bima.

Hapo tajiri mwenye lori anakasirika, na hasira yake naielewa. Ametoa mamilioni, amepewa stika, ameambiwa "hii inalipa kila kitu". Hailipi kila kitu. Haijawahi kulipa kila kitu, na aliyekuambia hivyo alitaka tu umalize kulipa. Nimechoka kulieleza jambo hili kando ya barabara, mbele ya mtu ambaye tayari ana deni la mali ya wenzake. Nalieleza leo, magari yakiwa bado yamesimama salama.

Bima kubwa ya lori inashughulikia mambo mawili. La kwanza ni gari lako lenyewe: likigongwa, likipinduka, likiungua, likiibwa. La pili ni dhima yako kwa watu wa nje: uliyemjeruhi, uliyemuua, na mali ya mtu uliyoiharibu. Msomaji akifika kwenye "mali ya mtu" anapata matumaini. Kwani mzigo si mali ya mtu? Kwani haukuharibika? Ni mali ya mtu, na umeharibika. Sasa fungua hati yako kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa, ule ambao huwa hausomwi. Utakuta kifungu kinachoondoa mali iliyo yako, iliyo chini ya uangalizi wako, au inayobebwa na gari hilo. Mkonge uliopakia Magunga uko chini ya uangalizi wako tangu robota la kwanza lipande juu. Lori likikosa breki likaparamia duka la mtu Manundu, ukuta wa duka unalipwa. Mkonge uliokuwa juu ya lori hilo hilo, katika ajali hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, haulipwi.

Kama bado unabisha, kumbuka siku uliyokata bima. Uliulizwa gari ni la mwaka gani, linabeba tani ngapi, lina thamani gani. Ada ikapigwa kwa asilimia ya thamani hiyo ya gari. Nani alikuuliza utabeba nini? Nani alitaka kujua mzigo una bei gani, unatoka wapi, unakwenda wapi? Hakuna. Kampuni hailipi kitu ambacho haikukipigia hesabu wala kukipokelea ada.

Na hesabu yenyewe si ndogo. Robota moja la singa za mkonge lina kilo 250. Fuso la tani 10 linabeba marobota 40. Tuseme tani moja ya singa inauzwa shilingi milioni 3.5: juu ya lori kuna milioni 35. Fuso lenyewe, lililokwisha kufanya kazi miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu, huenda thamani yake ni hiyo hiyo. Singa kavu zikishika moto kwa breki iliyoganda au shoti ya waya, dereva hana la kufanya zaidi ya kuokoa nafsi yake. Gari na mzigo vinateketea pamoja. Kampuni inakulipa gari. Mwenye mkonge anakuja kwako na karatasi ya kupakia uliyosaini mwenyewe. Zile milioni 35 zilizokuwa za kununua gari jingine zinakwenda kwake, nawe unabaki na funguo za gari lililoungua. Hapo nimetaja mkonge tu. Anayevuta kontena la vifaa vya umeme kutoka bandari ya Tanga huwa na mali inayozidi thamani ya kichwa na tela kwa mbali.

Ndiyo maana nasema biashara ya lori imekaa kichwa chini miguu juu. Watu wanalinda kwa bidii chuma ambacho ni chao, kisha wanaacha wazi kilicho juu ya chuma, ambacho ni cha wengine na ndicho kitakachowapeleka mahakamani.

Imani hii inalishwa na benki, bila benki kukusudia. Ukinunua lori kwa mkopo, benki inakulazimisha kukata bima kubwa, na jina lake linaandikwa kwenye hati kuwa ndiyo ya kwanza kulipwa. Mkopaji akiona benki imeridhika, anaona mambo yote yamekamilika. Benki imelinda mkopo wake. Dhamana yake ni gari. Mkonge, saruji na nyanya za Lushoto haziihusu hata kidogo. Inalishwa pia na habari za kijiweni: fulani gari lake liliungua Mazinde, akalipwa, leo anaendesha jingine. Kweli alilipwa gari. Kiwanja alichouza ili afidie mzigo hakukitangaza kwa mtu.

Wapo wanaonijibu kwa kujiamini zaidi: "Mzigo wa huyu mzee una bima yake mwenyewe, mimi nimetulia." Usitulie. Mwenye mzigo akiwa na bima yake, kampuni yake itamlipa, kisha itachukua nafasi yake na haki yake yote ya kudai. Baada ya miezi kadhaa utapata barua ya wakili kutoka kampuni ambayo hujawahi kufanya nayo biashara, ikikutaka urudishe kila senti iliyolipwa kwa sababu mzigo ulipotelea mikononi mwako. Akikudai mzee uliyezoeana naye, unayekutana naye msikitini au sokoni, mnaweza kuelewana mkalipana kidogo kidogo. Kampuni haina mazoea na wewe. Bima ya mwenye mzigo inamlinda mwenye mzigo. Inayokulinda wewe ni bima ya dhima ya msafirishaji, unayoikata wewe kwa jina lako, na hapa Korogwe wenye malori wanaoijua ni wachache kuliko inavyopaswa.

Tena hata bima ya mzigo ina mipaka yake. Nyanya zikioza kwa sababu gari limelala siku mbili likisubiri kipuri, huo ni ucheleweshaji, na kwa kawaida hazilipwi mpaka pawepo ajali iliyosababisha. Saruji iliyolowa chini ya turubai lililotoboka ni uzembe wa kufunga mzigo. Uliza haya kabla hujalipa.

Kosa la pili kwa ukubwa hufanywa watu wakijua wanachofanya. Kwenye hati kuna mstari wa matumizi ya gari. Lori linaweza kukatiwa bima ya kubeba mizigo ya mwenye gari mwenyewe, au ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Ya kwanza ina ada nafuu. Basi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Handeni anaandikisha Fuso lake kuwa la kubebea bidhaa zake, na wiki mbili baadaye linapakia mahindi ya watu Mkata kwa nauli. Siku ya ajali ninachoandika kwenye ripoti ni kilichokutwa juu ya gari na nani ni mwenyewe. Sitaandika vinginevyo kwa ombi la mtu. Kampuni ikisoma kwamba gari lilikuwa kazini kinyume cha hati, inakataa dai, na inakuwa na haki. Leseni yako ya LATRA ya kubeba mizigo kwa malipo na hati yako ya bima zinatakiwa zizungumze lugha moja.

Kushusha thamani ya gari ni ugonjwa wa familia hiyo hiyo. Gari la milioni 80 linaandikwa milioni 50 ili ada ipungue. Likipata ajali ya matengenezo ya milioni 16, kampuni inasema: umekata bima ya sehemu tano katika nane, nasi tunalipa sehemu tano katika nane. Unapata milioni 10, kisha inatolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima hujilipia. Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakusaidii, maana utalipwa bei ya soko ya siku ya ajali, si ndoto yako.

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, siidharau. Sheria ya Bima ya Magari inailazimisha kwa sababu ya vifo na majeruhi, na sisi wa Korogwe hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Usiku wa Februari 3, 2023, pale Magira Gereza, Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili wa marehemu na wafiwa kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro. Taarifa za kwanza zilitaja vifo 17, na majeruhi wengine wakafariki baadaye. Sisemi lolote kuhusu bima ya magari yale. Nasema kwamba kila lori linalopita barabara hii linapita karibu na watu, na stika bandia maana yake ni familia za marehemu kuzungushwa na karatasi zisizo na mwenyewe. Stika ya sasa ni ya kielektroniki. Ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kwa simu yako, uone kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Usipoliona gari lako, huna bima, hata kama una stakabadhi mkononi.

Basi uchague nini? Lori la zamani la thamani ndogo, lisilo na mkopo: bima ndogo yenye nyongeza ya moto na wizi inatosha, fedha inayobaki ikatie bima ya dhima ya msafirishaji. Lori jipya au la mkopo: bima kubwa, na bado hiyo ya dhima juu yake. Weka kikomo cha kila safari kulingana na mzigo ghali kuliko yote unaoubeba kwa mwaka, usikadirie kwa mzigo wa kawaida. Tela lina namba yake ya usajili, kwa hiyo lina bima yake, halifuati kichwa. Uliza gharama za winchi na kuvuta gari, maana kikomo cha kawaida hakitoshi kuinua semi iliyojaa kutoka bondeni, na omba kiongezwe tangu mwanzo. Uliza kama dereva na utingo wamo. Mara nyingi hawamo mpaka uwalipie, na abiria wa juu ya mzigo hawamo kabisa. Leseni ya dereva iwe hai na ya daraja la gari hilo. Usizidishe uzito: Tanzania inafuata sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, yenye ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na hati nyingi za bima zinakataa dai la gari lililopakia kupita uwezo wake.

Mwenye lori la kwenda Zambia, Kongo, Rwanda au Malawi achukue Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huo. Kadi inalipa madai ya watu wa nje ukiwa ugenini. Gari lako na mzigo wako haviguswi nayo, kwa hiyo omba kampuni ipanue mipaka ya hati yako kwa maandishi. Anayebeba mafuta aongeze dhima kwa umma. Moto wa lori la mafuta Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, uliua watu zaidi ya 100, na bima iliyopangwa kwa lori la saruji haikufikiria jambo la namna hiyo.

Ada inalipwa yote kabla ya bima kuanza. Ahadi ya "nitamalizia mwezi ujao" haikupi bima. Ajali ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni siku hiyo hiyo, piga picha kabla gari halijasogezwa, majeruhi wapate fomu ya PF3, na usimwahidi mtu yeyote fidia kwa mdomo wala kuanza kutengeneza gari kabla halijakaguliwa. Dai likikataliwa, taka barua yenye kifungu kilichotumika. Usiporidhika nayo, ipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima pamoja na hati yako na stakabadhi ya ada.