Mbona haondoki? Riwaya zetu zilishajibu

Kila tunapozungumzia hewani vipigo vya ndani ya nyumba, ujumbe mmoja haukosi kuingia: "Kama anapigwa kila siku, mbona haondoki?" Waandishi wetu wa riwaya wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 50. Ukizifuata hadithi zao utaona kwamba mwanamke huondoka akiwa na pa kwenda.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Tupo kisiwani Ukerewe. Zakaria ni mlevi, anampiga mkewe Regina, na anapogundua kuwa binti yao Rosa ameandikiwa barua na kijana, kipigo kinamgeukia binti. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Akiwa masomoni, mbali na baba, wanaume wengine wanamtumia, kisha yule aliyetarajia kuolewa naye anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajitoa uhai. Nani alikuwa upande wake? Mama mwenyewe alikuwa anapigwa.

Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ndipo baadaye kikaruhusiwa kusomwa sekondari. Sisi hilo linatushangaza hadi leo. Kipigo kilikuwepo vijijini kabla ya kitabu, lakini aliyefungiwa ni aliyekisimulia.

Mwaka huohuo wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa. Kifungu chake cha 66 kinasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Ndiyo, kimo kwenye sheria tangu wakati huo.

Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alitoa Utengano. Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima zake huko nje, lakini nyumbani anampiga mkewe Bi Tamima na kumwacha, kisa kazalishwa na mkunga asiyemtaka. Binti yao Maimuna, aliyekuwa akifungiwa ndani, anatoroka. Tatizo ni kwamba anaangukia mikononi mwa watu wenye haja zao, na anaishia kwenye ulevi na danguroni. Kwa hiyo si kila mlango unaofunguka ni wa heri.

Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, ana bahati zaidi. Ameozwa akiwa na miaka 15 kwa mzee mwenye duka. Anamkimbia, ndugu zake wanamkataa, lakini Ng'ambo kuna shoga yake Mwajuma anayempokea bila masharti. Kwa maoni yetu, Mwajuma ndiye shujaa wa hadithi hiyo, ingawa wasomaji wengi humtaja Denge, kijana mpigania uhuru. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021.

Hata Marekani ni hivyo hivyo. Katika The Color Purple ya Alice Walker, ya mwaka 1982, Celie ni mwanamke mweusi anayepigwa na mumewe miaka na miaka. Anayemtoa ni Shug, mwimbaji, tena hawara wa mume huyohuyo! Celie anaondoka naye, anashona suruali na kuziuza, anajitegemea. Walker naye alilaumiwa kwamba amewapaka matope wanaume weusi.

Sasa turudi huku kwetu. Kwenye Delta, kuondoka si jambo la kusema tu. Mwanamke wa kisiwani akipigwa saa nne usiku anahitaji mtumbwi, anahitaji maji yawe yamejaa, na mwenye mtumbwi huenda ni shemeji yake. Hata akivuka hadi Nyamisati, bado ana safari ya barabara mpaka Kibiti mjini. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, lakini dawati haliji na mtumbwi. Usiku ule anachohitaji ni mlango wa jirani, mkeka, na mtu atakayekubali kesho asubuhi kusema mbele ya mwenyekiti wa kijiji alichokisikia.

Kama anayeumizwa ni mtoto, namba 116 hupigwa bure. Si lazima apige mtoto mwenyewe. Jirani pia anaweza kupiga.