Istilahi za Msingi za Famakolojia na Utoaji wa Dawa kwa Wasaidizi wa Tiba: Mtazamo kutoka Zone Industrielle, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafafanua istilahi za msingi za famakolojia na utoaji wa dawa ambazo msaidizi wa tiba anazihitaji anapomhudumia mgonjwa kwa Kiswahili. Mazingira yanayozingatiwa ni Zone Industrielle ya jiji la Bujumbura, mahali ambapo cheti cha dawa huandikwa kwa Kifaransa, boksi la dawa laweza kuwa na maandishi ya Kiingereza, na maelezo kwa mgonjwa hutolewa kwa Kirundi au Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba hatari kubwa haitokani na uhaba wa istilahi ngumu, bali na utata wa maneno mepesi kama vile saa, kutwa, kijiko, kunywa na sindano. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Zone Industrielle ipo jirani na bandari ya Bujumbura, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hapo hukutana wafanyakazi wa viwandani, wachukuzi, madereva wa malori na wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kupitia Kigoma na Dar es Salaam. Wengi wao wanatoka au wanapita katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, ambayo Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa. Wengine wanatoka upande wa pili wa mpaka, katika Kivu ya Kusini. Kwa hiyo, ingawa sheria ya mwaka 2014 inataja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Burundi, Kiswahili ndicho ambacho wageni na wenyeji wa eneo hili hukutania.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama waliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Mara nyingi uamuzi huo hujadiliwa kwa kuangalia mabunge, mahakama na shule. Makala haya yanauangalia kutoka kwenye dirisha la kutolea dawa, kwa kuwa hapo kosa la lugha hulipwa kwa afya ya mtu.

2. Istilahi za msingi za famakolojia

Famakolojia ni taaluma inayochunguza uhusiano kati ya dawa na mwili. Ina pande mbili. Upande wa kwanza huuliza mwili unaifanyia nini dawa, nao una hatua nne: ufyonzwaji, yaani dawa kuingia katika damu, usambazwaji, yaani dawa kufika katika viungo, uvunjwaji, ambao hufanyika hasa kwenye ini, na utolewaji, ambao hufanyika hasa kupitia figo. Upande wa pili huuliza dawa inaufanyia nini mwili: inatuliza maumivu, inaua vimelea, inapunguza shinikizo la damu, na kadhalika.

Msaidizi wa tiba hatarajiwi kuwa mwanafamakolojia. Hata hivyo, hatua hizo nne humsaidia kujibu maswali ya kila siku. Kwa nini mgonjwa mwenye ugonjwa wa ini aulizwe kabla ya kupewa paracetamol? Kwa sababu ini ndilo linaloivunja. Kwa nini dozi irudiwe? Kwa sababu dawa hupungua katika damu kadiri muda unavyopita, na ikipungua kupita kiasi vimelea hupata nafasi ya kustawi.

Istilahi nyingine za lazima ni hizi. Sababu ya matumizi ni hali ambayo dawa imekusudiwa kuitibu. Katazo la matumizi ni hali inayozuia dawa isitolewe, mathalani ujauzito kwa baadhi ya dawa. Athari zisizokusudiwa ni mabadiliko yanayoletwa na dawa nje ya lengo lake. Nchini Tanzania zile ndogo huitwa pia maudhi madogo madogo. Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia dawa kana kwamba ni adui. Mwingiliano wa dawa ni dawa moja kuongeza au kupunguza nguvu ya nyingine. Usugu ni vimelea kuzoea dawa hata isiwadhuru tena.

Tofauti kati ya jina la dawa na jina la kibiashara ni muhimu vilevile. Mfumo wa majina ya kimataifa ya dawa ulitokana na azimio la Shirika la Afya Duniani la mwaka 1950. Shabaha yake ilikuwa kila kiambato kiwe na jina moja linalotambulika kote. Mfanyakazi aliyenunua maboksi mawili yenye majina tofauti ya kibiashara anaweza kuwa anameza paracetamol mara mbili bila kujua. Kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Msaidizi wa tiba anayesoma jina la kiambato na kulitamka mbele ya mgonjwa huzuia kosa hilo.

3. Usahihi wa aina tano

Katika mafunzo ya utoaji wa dawa, wasaidizi hufundishwa mambo matano ya kuhakiki: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Kila moja lina mtego wake wa lugha. Hapa tunaangalia manne ambayo mitego yake ni ya Kiswahili hasa.

3.1 Dawa

Neno dawa lina mawanda mapana. Kuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya panya. Katika eneo la viwanda, kemikali ya kusafishia mitambo nayo huitwa dawa. Taarifa kwamba mtu “amekunywa dawa” inaweza kumaanisha kwamba ametibiwa au kwamba amekunywa sumu. Swali la kwanza la msaidizi liwe: dawa ya nini, na ilikuwa katika chombo gani? Kirundi nacho kina mfano wa kuvutia: neno ikinini, lenye asili ya kwinini, sasa hutumika kwa kidonge chochote. Jina la dawa moja limekuwa jina la umbo. Kwa hiyo, mgonjwa anayesema amemeza ikinini bado hajasema amemeza nini.

3.2 Kipimo

Vipimo vitatu huchanganywa: gramu, miligramu na mikrogramu. Gramu 1 ni miligramu 1000, na miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Hatari huongezeka kwa sababu ya alama. Katika maandishi ya Kifaransa, mkato hutenganisha nambari nzima na desimali. Katika maandishi ya Kiingereza, na katika mengi ya Kiswahili cha Tanzania na Kenya, mkato hutenganisha maelfu na nukta ndiyo ya desimali. Kwa hiyo “1,000” ni moja kwa msomaji mmoja na ni elfu moja kwa mwingine, nao wanaweza kuwa wamekaa meza moja mjini Bujumbura. Njia salama ni kuandika maelfu bila alama yoyote, kutoandika sifuri baada ya desimali isiyohitajika, na kuandika neno mikrogramu kwa ukamilifu.

Kijiko nacho hakitoshi. Kijiko cha chai kinachokusudiwa na wafamasia ni mililita 5, na kijiko kikubwa ni mililita 15. Mama aliyeambiwa “kijiko kimoja” na kutumia kile kikubwa amempa mtoto dozi mara tatu. Aelezwe kwa mililita, na aoneshwe mstari kwenye kikombe cha kupimia au kwenye bomba la sindano lisilo na sindano.

3.3 Njia

Kitenzi kunywa hutumika kwa dawa ya maji na hata kwa vidonge. Kwa mazoea, msaidizi humwambia kila mgonjwa “unywe hii.” Lakini kipo kidonge cha kumeza, cha kutafuna, cha kumung’unya, cha kuweka chini ya ulimi, na cha kuingizwa ukeni au katika njia ya haja kubwa. Kiswahili kina kitenzi mahususi kwa kila tendo, na ni uzembe kuviacha vitenzi hivyo vilale.

Neno sindano linataja chombo na tendo kwa pamoja, wala halisemi dawa inaingia wapi. Tofauti kati ya kudunga katika msuli, katika mshipa wa damu na chini ya ngozi yaweza kuwa tofauti kati ya uhai na kifo. Benzathini benzilipenisilini hudungwa katika msuli tu. Ikiingia katika mshipa wa damu huweza kusimamisha moyo. Agizo la mdomo lisemalo “mchome sindano” ni agizo pungufu, na msaidizi ana haki na wajibu wa kuuliza: ya wapi?

3.4 Wakati

Utata mkubwa kuliko wote umo katika neno saa. Kwanza, saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo na machweo, ilhali cheti cha Kifaransa huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kilichoandikwa 8 ni saa mbili asubuhi. Kilichoandikwa 20 ni saa mbili usiku. Pili, saa hutaja nukta ya wakati na pia muda. “Saa nane imefika” ni wakati. “Saa nane zimepita” ni muda. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotofautisha maana. Lakini katika kirai “kila saa nane” hakuna kitenzi, hivyo upatanisho umetoweka na tofauti imetoweka nao.

Tuchukue dawa mseto ya malaria ya artemetha na lumefantrini. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa kila dozi, dozi 6 kwa siku 3. Dozi ya pili humezwa baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza, kisha zinazobaki humezwa mara mbili kwa siku. Mgonjwa aliyemeza dozi ya kwanza saa nne asubuhi anapaswa kumeza ya pili saa kumi na mbili jioni. Akiambiwa “nyingine saa nane,” ataimeza saa nane mchana, yaani baada ya saa 4 tu. Hakukosea kusikia, wala aliyemwambia hakukosea kuhesabu. Kirai ndicho kilichokosea.

Wanasarufi wengi hulikataa umbo masaa. Hata hivyo, mzungumzaji wa kawaida asemaye “baada ya masaa manane” amejitengenezea tofauti ambayo usanifu umeiacha wazi. Si lazima tulisanifishe umbo hilo, ila tukilikataa, tuna deni la kutoa mbadala ulio wazi, kama vile “baada ya muda wa saa 8.”

Neno kutwa halina budi kuangaliwa pia. Kwa asili ni kipindi cha mchana hadi jua kuzama. “Kutwa mara tatu” humwacha mfanyakazi wa zamu ya usiku bila mwongozo, kwani mchana wake ndio usiku wake. Vivyo hivyo, “usiku wa Jumatatu” kwa baadhi ya wazungumzaji ni usiku wa kuamkia Jumatatu, na kwa wengine ni usiku unaofuata mchana wake. Msaidizi amuulize mgonjwa analala na kuamka saa ngapi, kisha amwandikie saa halisi.

4. Hitimisho na mapendekezo

Kiswahili hakikosi istilahi za tiba. TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na kazi ya kuunda maneno mapya inaendelea. Kinachokosekana ni usanifishaji wa kauli, yaani sentensi fupi za kumwelekeza mgonjwa zilizopimwa zisiwe na maana mbili.

Kwa hiyo, makala yanapendekeza yafuatayo. Mosi, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mamlaka za udhibiti wa dawa za nchi wanachama kuandaa orodha ya kauli sanifu za utoaji wa dawa. Pili, lebo za dawa zitaje wakati kwa namna mbili, kwa saa za Kiswahili na kwa tarakimu za saa 24. Tatu, mkato usitumike kutenganisha maelfu katika kipimo chochote cha dawa. Nne, mafunzo ya wasaidizi wa tiba nchini Burundi yajumuishe zoezi la kumwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha aliyoichagua. Zoezi hili halihitaji fedha, na laweza kuanza kesho katika chumba chochote cha huduma ya kwanza kilichopo kati ya bandari na viwanda.