Mtoto amevimba macho na mkojo una povu: figo zake zimepatwa na nini?

Mtoto wako akiamka macho yamevimba, jioni miguu imejaa, na mkojo wake unatoa povu lisiloisha haraka, usiseme tu ni utapiamlo au malaria. Omba kituo cha afya kipime mkojo kwa kijiti. Kikionyesha protini nyingi, huenda ni ugonjwa wa figo uitwao nefrotiki.

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni 1. Vikiwa vizima huzuia protini isitoke kwenye damu. Vikivuja, protini hutoka na mkojo, na maji hujaa mwilini.

Kwa nini basi mtoto wa jirani alipona kwa prednisoloni na wako bado? Jibu limo ndani ya figo yenyewe. Kwa watoto wengi, kipande cha figo kikitazamwa kwa hadubini ya kawaida huonekana kizima kabisa. Hadubini ya elektroni ndiyo huonyesha kwamba vijiguu vya seli zinazokumbatia kichujio vimelala bapa. Hawa dawa huwasaidia sana, mara nyingi ndani ya wiki 4. Wengine, baadhi ya vichujio vyao vina makovu, na kovu halifutiki kwa vidonge. Hao huhitaji hospitali ya rufaa, ambako daktari anaweza kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano ili ajue dawa ya kufuata.

Malaria nayo imo. Mwaka 1967 Kibukamusoke, Hutt na Wilks walichapisha utafiti uliohusisha nefrotiki nchini Uganda na malaria ile inayorudisha homa kila baada ya saa 72. Kinga ya mwili hushikana na chembe za vimelea, kisha hukwama kwenye vichujio. Kutibu malaria hakukuponya figo zilizokwisha kuumia. Kwa hiyo chandarua ni muhimu, hasa Tororo yenye mbu wengi, lakini dawa ya malaria pekee haimtoshi mtoto huyu.

Hatari kubwa huja uvimbe ukishaisha: mzazi anaacha dawa. Usiache prednisoloni ghafla, daktari ndiye huipunguza polepole. Punguza chumvi, chakula kingine kibaki cha kawaida. Dawa hii hushusha kinga, hivyo akipata homa au maumivu ya tumbo mrudishe siku hiyo hiyo. Na mkivuka mpaka pale Busia au Malaba, beba kitabu chake cha kliniki na vidonge vilivyobaki, maana daktari wa upande wa pili hana njia nyingine ya kujua dozi imefikia wapi.