Chanuka! Siku BBC iliingiza Waingereza boksi na mti wa spageti

Kabla tuanze, jibu maswali mawili bila kugusa simu. Njugu karanga humea wapi, juu ya mti ama chini ya mchanga? Na nanasi je, huning'inia kwa tawi kama embe ama hukaa vipi?

Kama umezaliwa Nairobi na ocha unaenda Krismasi pekee, kuna uwezekano umesita kidogo. Usijali, hatukucheki. Huko kusita ndiko stori yetu ya leo, juu hapo ndipo mizaha yote mikubwa ya Siku ya Wajinga hupitia.

Sasa cheki hii. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 1 Aprili 1957. Panorama, kipindi cha BBC cha habari nzito nzito, kilikuwa kinaelekea kuisha. Ikaletwa taarifa ya kama dakika tatu kutoka Uswisi, upande ule unapakana na Italia. Kwa runinga, wanawake wanazunguka shambani na vikapu, wanachuma spageti kutoka kwa matawi ya miti, halafu wanaianika juani ikauke. Mtangazaji anaeleza kwa sauti ya upole kwamba mavuno ya mwaka huo ni mazuri kwa sababu baridi haikuwa kali, na yule mdudu msumbufu wa spageti karibu ameisha kabisa. Na mbona kila uzi una urefu sawa na mwingine? Ati ni jasho la miaka mingi ya wakulima kuboresha mbegu.

Kama watu milioni 8 walikuwa wanatazama. Baadaye simu zikaanza kulia BBC. Kuna wale walikuwa wamekasirika mbona kipindi cha maana kimeleta upuzi. Kuna waliotaka BBC iwaamulie ugomvi wa nyumbani: bwana anasema spageti inamea kwa mti, mtangazaji si amesema? Bibi anasema hiyo ni unga na maji. Na kuna waliouliza, bila aibu, watapata wapi mche wapande kwao. Hao walishauriwa wachomeke kijiti cha spageti kwa mkebe wa sosi ya nyanya, halafu waombe mema.

Manze, usiharakishe kusema hao wasee walikuwa mafala. Angalia vile mtego ulitegwa.

Kwanza, sauti. Aliyesoma ile taarifa ni Richard Dimbleby, mwanahabari aliyeripoti Vita vya Pili vya Dunia na kutangaza sherehe ya kumvika Malkia Elizabeth taji mwaka wa 1953. Huyo hakuwa mchekeshaji. Akisema mvua itanyesha, unabeba mwavuli.

Pili, chakula chenyewe. Uingereza ya wakati huo spageti haikuwa chakula cha kila siku. Wengi waliijua kutoka kwa mkebe, ikiwa tayari imeogelea kwa sosi. Mtu ambaye hajawahi kuona kitu kikiwa kikavu atajuaje kimetoka wapi? Ni wewe na ile njugu.

Tatu, vitu vidogo vidogo. Yule mdudu, ile baridi, ule urefu wa nyuzi. Uongo mkubwa ukija peke yake unashtuka. Ukija na watoto wake watano, wote wamevaa vizuri, unaukaribisha chai.

Na unajua wazo lilitoka wapi? Kwa mpigapicha wa BBC, Charles de Jaeger, aliyezaliwa Austria. Alipokuwa shule, mwalimu wao alikuwa akiwaambia ni wajinga hadi wanaweza kuamini spageti inamea kwa miti. Jamaa akakaa na hiyo matusi miaka mingi, mwishowe akaifanyia kazi kwa bajeti ya pauni 100 tu.

Wengine wakafuata njia hiyo hiyo. Tarehe 1 Aprili 1962, Uswidi (si Uswisi ya spageti, ni nchi nyingine), runinga bado ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Mtaalamu wa mitambo, Kjell Stensson, akatokea na maneno mengi ya kisayansi kuhusu mwanga, halafu akasema suluhisho ni rahisi: kata soksi ya nailoni ya kina mama, ivute juu ya kioo cha TV, utaona rangi. Watu wakaingia kwa kabati wakatoka na makasi. Rangi ya kweli ilianza kutangazwa huko rasmi mwaka wa 1970, na cheki tarehe: ilikuwa 1 Aprili.

Marekani nao mwaka wa 1996, kampuni ya vyakula ya Taco Bell ilinunua kurasa nzima kwa magazeti makubwa ikatangaza kwamba imenunua Liberty Bell, ile kengele ya kihistoria iliyoko Philadelphia, na sasa itaitwa Taco Liberty Bell. Sababu? Ati kusaidia taifa kupunguza deni. Watu waliwaka, wakapiga simu kwa maelfu. Siku hiyo hiyo kampuni ikasema ni mzaha. Hiyo sasa ndiyo inaitwa kiki ya nguvu. Hata msemaji wa Ikulu, Mike McCurry, alijiunga, akasema jengo la ukumbusho la Lincoln pia limeuzwa kwa kampuni ya magari ya Ford.

Hizo zote zina kitu kimoja: hasara. Mwingereza alipoteza heshima kidogo mbele ya bibi yake. Mswidi alipoteza soksi. Mmarekani alipandisha presha hadi saa sita mchana. Halafu ukweli ukatoka haraka, na aliyecheza mchezo akajitokeza akasema ni mimi.

Sasa linganisha na Quito, mji mkuu wa Ecuador, Februari 1949. Redio moja ilikatiza muziki ghafla ikatangaza kwamba viumbe kutoka sayari ya Mars wamevamia na wanakuja mjini. Ilikuwa mchezo wa kuigiza, ile stori ya H. G. Wells ambayo Orson Welles alikuwa ameshaichezesha kwa redio Marekani mwaka wa 1938. Lakini wasikilizaji hawakuambiwa mapema. Waigizaji waliiga hadi sauti za viongozi wa serikali. Watu wakatoka nje mbio, wengine wakilia, wengine wakiomba. Ukweli ulipotoka, hofu ikageuka hasira. Umati ukachoma jengo la redio, ambalo pia lilikuwa la gazeti la El Comercio, na watu kadhaa wakafa.

Ujanja ni ule ule: sauti inayoaminika, jambo usilolijua, vitu vidogo vidogo. Tofauti ni hii: spageti haitishi mtu. Quito waliambiwa watakufa.

Ndio maana mwaka wa 2020, corona ilipoingia, Google ilisitisha mizaha yake ya kila Aprili. Watu wakishaogopa, hakuna mzaha. Kuna habari za uongo tu.

Na hapa ndipo wewe unaingia, kwa sababu siku hizi huhitaji BBC. Una simu. Shida ya simu ni kwamba ule mzaha wako ukipigwa skrinshoti, tarehe inabaki nyuma. Wewe umecheka tarehe 1, kufika tarehe 20 iko kwa grupu ya WhatsApp ya familia, na shangazi yako anaituma kanisani kama habari ya kweli. "Amekufa," "ameachwa," "kazi zimetangazwa, leta vyeti kesho asubuhi." Yule aliyekopa nauli akafuata hiyo kazi hatacheka na wewe.

Kwa hivyo kabla ujaribu mbogi yako, jiulize: akijua ukweli, atakuwa amepoteza nini? Kama ni soksi, endelea. Kama ni nauli, usingizi ama mama yake kuzirai, wacha. Na kama ni wewe umetumiwa, angalia tarehe, tafuta nani alisema kwanza, halafu uulize kama unaijua hiyo kitu ama umeipenda tu sauti.

Halafu yale maswali. Njugu humea chini ya mchanga. Nanasi hukaa juu ya mmea mfupi, karibu na ardhi, haliko kwa mti. Siku ukipita Thika, toa macho kwa simu uangalie nje.